Shangazi wa Karata: Kulala si Kuzimia

Barua za mwezi huu zimenikuta na mafua, kwa hiyo msishangae nikijibu kwa mkato hapa na pale. Karibu zote zinahusu mchezo wa karata wa Vampire: The Eternal Struggle, na karibu zote zinanuka ugomvi uliokwisha kutokea mezani. Wenye shida za ndoa wana ukurasa wao. Mimi nasuluhisha karata tu, ingawa barua ya tatu itawaonyesha kwamba mpaka huo ni mwembamba.

Kwanza tukubaliane maneno, maana nusu ya vita vyenu ni vya maneno. Karata iliyogeuzwa ubavu nasema imelala; ukiirudisha wima, imesimama. Vampaya aliyeumizwa akashindwa kujitibu nasema amezimia. Kulala ni uchovu wa zamu moja, kuzimia ni msiba. Zile pointi 30 anazoanza nazo kila mchezaji, yaani kila Methusela, naziita akiba; zikimwishia, ametoka mchezoni. Kumnyonya mtu ni kumpunguzia akiba hiyo. Vampaya wako na wengine wanaokutendea kazi mezani ni vibaraka wako. Damu ni ile iliyo juu ya vampaya mwenyewe. Aliyekaa kushoto kwako ni windo lako, wa kulia ni mwindaji wako. Na yule msomaji anayeniandikia kila mara niwaite mumiani: sitaki. Mumiani anasaka damu ya wengine ikawe dawa. Vampaya wa mchezo huu anaitumia mwenyewe, na ikimwishia anapata adabu.

*

Shikamoo Shangazi. Tulikuwa watano mezani. Vampaya wangu alimnyonya windo langu kwa 4. Windo langu akacheza Deflection, akauelekeza unyonyaji kwa jirani yake wa kushoto aliyekuwa amebakiwa na akiba 3. Jirani akatoka mchezoni. Nikanyoosha mkono nichukue pointi yangu, windo langu akaudaka hewani. Nani ana haki?
– Mkono Mtupu

Marahaba. Jina umejichagulia vizuri, kwa sababu mkono wako utarudi hivyohivyo.

Pointi ya ushindi, pamoja na akiba 6 kutoka benki ya damu, huenda kwa mwindaji wa yule aliyetoka. Haiulizwi nani alimtoa. Awe ametolewa na wewe, na mtu wa upande wa pili wa meza, au amejimaliza kwa ujinga wake, anayepokea ni yule aliyekaa kulia kwake. Na mwindaji wa marehemu ni nani? Ni windo lako. Umemnyonya windo lako, naye akaugeuza mshale wako kuwa mlo: pointi 1, akiba 6, na jirani mpya wa kushoto. Kama ulikuwa unajiuliza kwa nini watu huwapenda vampaya wenye Dominate, kipawa kinachochezesha Deflection, jibu umelilipia mwenyewe.

Hutoki bure kabisa. Vampaya aliyefanikiwa kunyonya ni wako, kwa hiyo ile alama iitwayo Edge inakuja kwako, hata kama aliyenyonywa siye uliyemlenga. Mwanzo wa zamu yako, ukiwa bado unayo, unaweza kuchukua akiba 1 kutoka benki. Moja kwa sita. Usilie.

Nami nikiri. Siku zangu za mwanzo za kuamua meza niliwahi kumpa pointi mtu wa upande wako, Mkono Mtupu, kwa kuwa nilimwonea huruma na hadithi ilinoga: yeye ndiye aliyeua, basi yeye ale. Mchezo uliendelea kwa saa nzima juu ya kosa langu kabla kijana mmoja hajaniuliza, kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi, kama Shangazi amesoma kitabu cha sheria ukurasa ule. Tangu siku hiyo nasoma kwanza, huruma baadaye.

Kuna mengine mawili hukuniuliza, lakini utayahitaji. Deflection huchezwa baada ya mnyonywaji kukataa kuzuia. Unyonyaji ukishahamia kwa mtu mpya, mtu huyo naye ana haki ya kujaribu kuzuia kwa vibaraka wake. Jirani wa watu alikuwa na nafasi ya kujiokoa, na kama mezani hakuna aliyemwuliza, mmemdhulumu.

La pili ni wakati wa kuongeza nguvu ya unyonyaji, na hapa ndipo wajanja wanapotofautiana na wenye pupa. Wazuiaji wakishakataa, wewe mwenye tendo ndiye unayepewa nafasi ya kwanza ya kucheza karata. Ukitupa Conditioning papo hapo, unyonyaji unavimba, na mwenzako anaona wazi ni kiasi gani cha kumsukumia jirani. Ukinyamaza, naye akacheza Deflection, nafasi inarudi kwako, na sasa unaweza kuamua kama unataka kumuumiza huyu mpya au umwache. Lakini ukinyamaza, na yeye akanyamaza, na meza nzima ikanyamaza, basi tendo limekamilika kwa nguvu iliyopo. Huwezi kuruka baadaye ukisema nilikuwa nangoja. Nimeona watu wazima wakinyonya kwa 1 huku mkono umejaa karata, kisa walikuwa wanategeana. Huo si uonevu wa sheria, ndio mchezo wenyewe.

Halafu mkumbuke kwamba Deflection inataka mtu wa tatu. Haiwezi kumrudishia unyonyaji aliyeuanzisha. Mkibaki wawili mezani, ile karata ni karatasi.

*

Shangazi, mdogo wangu hucheza karata za kunyata kabla hata sijasema kama nitazuia. Anasema anajikinga mapema. Anaruhusiwa? Na kibaraka wangu akijaribu kuzuia akashindwa, je, analala?
– Kaka Mkubwa

Haruhusiwi, na nadhani anajua. Kunyata, yaani alama za kupita bila kuzuiwa, huongezwa pale tu panapohitajika: mtu awe amekwisha kutangaza kwamba anazuia, na alama zake za kunasa, yaani za kuzuia, ziwe zimefikia au kupita za kunyata. Kabla ya hapo, hakuna cha kujikinga nacho. Ninavyomfahamu mdogo wako bila kumwona, hajikingi. Anapunguza karata mkononi. Mchezo huu ukicheza karata unavuta nyingine palepale, kwa hiyo kila karata ya kunyata anayoitupa bure inamletea mpya. Ndiyo maana sheria inataka sababu.

Tuseme vampaya wake anakwenda kuwinda, yaani kujitafutia damu. Kuwinda huja na kunyata 1 bila karata yoyote. Kibaraka wako anatangaza kuzuia akiwa na kunasa 0. Hapo mdogo wako akae kimya, kwani tayari anapita. Wewe ndiye mwenye haja, kwa hiyo wewe unaweza kuongeza kunasa. Ukifikia 1, mko sawa, na sare ni ya mzuiaji. Sasa, na ni sasa tu, mdogo wako ana ruhusa ya kuongeza kunyata kufikia 2. Akishafika hapo asiongeze tena mpaka wewe upande. Mnapandishana hivyo hadi mmoja aishiwe, ila karata yenye jina lilelile haichezwi mara mbili na vampaya yuleyule katika tendo moja.

Kibaraka aliyeshindwa kuzuia halali. Anabaki wima kama alivyokuwa. Anayelala ni aliyefanikiwa, kisha anaingia kwenye pambano. Wengi huwalaza vibaraka wao kwa kutangaza tu, wanajinyima ulinzi wa bure meza nzima ikitazama bila kusema neno. Ingawa sina ushahidi, nadhani wanaotazama huwa wanajua.

Na ukishasema huzuii, umesema. Usimngoje aonyeshe karata ndipo ubadili mawazo.

*

Shangazi mpendwa, mimi na mume wangu hatusemeshani tangu jana jioni. Vampaya wake wa ukoo wa Brujah alitaka kuninyonya, Toreador wangu akamzuia. Mume wangu akacheza Immortal Grapple. Nikamtupia Majesty. Akacheka, akasema Majesty imekufa. Mimi nasema Majesty inamaliza pambano, na pambano likiisha hakuna cha kukabana. Naomba umwambie.
– Malkia Asiye na Enzi

Mwanangu, ningependa kumwambia. Lakini mumeo ana haki, na kicheko chake ndicho pekee ninachoweza kumlaumu nacho kwa niaba yako.

Usisome hadithi, soma karata. Kwenye hadithi, malkia akijitokeza kwa fahari yake yote, mtu mwenye misuli anapaswa kuinamisha kichwa. Kwenye karata, Majesty ni pigo. Ni pigo la ajabu lisilompiga mtu, lakini huchaguliwa katika hatua ya kuchagua mapigo, kama ngumi na kama bastola. Immortal Grapple huchezwa kabla ya hatua hiyo, mkiwa karibu, na inachosema ni kwamba katika raundi hiyo mapigo yasiyo ya mikono hayatumiki. Ulipofika wakati wa kuchagua pigo lako, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Majesty haikushindwa nguvu, ilichelewa.

Na usifikiri ungejiokoa kwa kukwepa. Kukwepa nako ni pigo katika mchezo huu. Watu hawaamini mpaka niwafungulie kitabu.

Sasa silaha zako. Ya kwanza iko kabla ya Grapple: umbali. Kila raundi inaanza mkiwa karibu, ila mtu anaweza kujongea mbali kabla ya mapigo. Ukifanikiwa kufika mbali, Grapple haichezeki kabisa, maana inataka ukaribu, na hapo Majesty yako inafanya kazi barabara. Toreador wana kipawa cha Celerity, na katika Celerity karata za kujongea hazikosekani. Weka mbili tatu, ukatoe Majesty mbili tatu, utaniombea dua.

Ya pili ni subira. Grapple inafunga raundi moja. Akikaza pambano liendelee raundi ya pili, lazima awe na Grapple nyingine mkononi. Akiwa hana, Majesty inarudi uhai. Kwa hiyo mtu akikukaba, hesabu damu ya vampaya wako: atavumilia ngumi za raundi hii? Kama ndiyo, usiiharibu Majesty yako kwa hasira.

Ya tatu ni ya kumwambia mumeo akirudi kucheka. Grapple inamfunga yeye pia. Brujah wake akiwa na bunduki mgongoni, raundi hiyo ni pambo.

Pasipo Grapple, Majesty ni bibi kweli. Pigo la kumaliza pambano linatangulia mapigo yote, hata yale yenye haki ya kupiga kwanza, na mwenye kipawa cha Presence cha daraja la juu anamsimamisha vampaya wake palepale. Toreador wako aliyelala kwa kuzuia angekuwa wima tena, tayari kuzuia mwingine. Mpikieni chai, mrudi mezani.

*

Shikamoo. Gangrel wangu alikuwa na damu 2, akapata majeraha 2. Wenzangu wakamburuta kwa waliozimia wakisema damu imefika sifuri. Ni sawa? Na tafadhali nieleze majeraha sugu, sijawahi kuyaelewa.
– Makucha Butu

Marahaba. Si sawa, warudishe mikono yao.

Jeraha la kawaida linatibiwa kwa damu 1. Alikuwa na majeraha 2 na damu 2, amelipa deni lote. Anabaki wima, hana kitu, lakini wima. Anayezimia ni yule aliyebakiwa na jeraha asiloweza kulipia. Angepata majeraha 3, mbili angezitibu, ya tatu ingemwangusha. Sifuri si kuzimia. Sifuri ni njaa, na njaa ina sheria yake: akitenda, ni lazima awinde kwanza, hawezi kunyonya wala kwenda kupiga siasa. Kuzuia anaweza. Nimeona vampaya mwenye damu 0 akizuia na kumaliza mchezo wa mtu, kwa kuwa yule mtu alidhani mwenye njaa hana meno.

Majeraha sugu, kama ya makucha ya Gangrel mwenyewe, hayatibiki kwa damu. La kwanza linamzimisha vampaya hata kama damu imemjaa hadi juu. La pili na yanayofuata yanauliza swali baya zaidi: analipa damu 1 kwa kila moja, au anateketea moja kwa moja?

Chukua vampaya mwenye damu 3 anayepata kwa mpigo mmoja jeraha 1 la kawaida na 2 sugu. Anza na la kawaida daima. Analipa 1, zinabaki 2. Sugu la kwanza: anazimia, halipi kitu. Sugu la pili: analipa 1 asiteketee. Anakwenda kwa waliozimia na damu 1. Sasa mchukue mwenzake mwenye damu 1 tu, majeraha yaleyale. La kawaida linakula ile 1. Sugu la kwanza linamzimisha. Sugu la pili linamkuta mtupu, na habari yake imekwisha, anachomwa. Lakini mwenye damu 0 akipata sugu moja tu anazimia, hateketei. Watu huchoma vampaya wa wenzao hapo kwa haraka. Muwe na subira na wafu.

Kuamka kunagharimu damu 2, kwa hiyo yule aliyezimia na damu 1 hawezi kujiamsha. Mwenzake lazima aje kumwokoa, na hizo 2 anaweza kuzitoa mwokoaji, mwokolewa, au wakachangiana. Mwenye nazo akijiamsha mwenyewe, ajihadhari: vampaya wa adui akimzuia njiani hakuna pambano. Mzuiaji anapata ruhusa ya kumla. Kisha inaitishwa kura kama mlaji asakwe na achomwe kwa dhambi hiyo, na ndipo utakapojua nani mezani ni rafiki yako.

*

Shangazi, mimi na jirani wote tumemleta mezani vampaya Anson. Nani anabaki naye?
– Mpenda Seattle

Hakuna anayebaki naye, kwa sasa. Anson ni wa pekee, hawezi kuwa wawili mezani. Mkimleta wote, mnagombania: Anson wenu wote wawili wanatoka mchezoni pamoja na kila kilicho juu yao, na kila mmoja wenu analipa akiba 1 mwanzo wa kila zamu yake ili aendelee kugombania. Asiyetaka kulipa anaachia, karata yake inachomwa, na mwenzake anarudishiwa wa kwake. Sishangai kwamba mnamtaka: ujazo 8, yaani damu anayoweza kubeba, Mwanamfalme wa Seattle, na anakupa nafasi mbili za karata kuu kwa zamu badala ya moja. Ila hesabu. Ukigombania zamu nne umelipa akiba 4 kwa vampaya aliyeko hewani, na mwindaji wako anatabasamu.

Usichanganye na kugombania cheo. Vampaya wawili tofauti wakidai wote ni Mwanamfalme wa Seattle, hao hawatoki mezani. Wanabaki, wanatenda, wananyonya, ila cheo kinasimamishwa kwa wote, na gharama ni damu 1 ya vampaya mwenyewe kila zamu. Mmoja unalipa kwa akiba yako, mwingine analipa kwa damu yake.

*

Vampaya wangu alinyonya, nikacheza Freak Drive akasimama. Kwa nini wananikataza kunyonya tena? Amesimama!
– Sina Breki

Kwa sababu kusimama hakufuti alichokwisha kufanya. Kibaraka mmoja hanyonyi mara mbili katika zamu moja, hata akisimama mara kumi, hata kama mara ya kwanza alizuiwa, hata kama mara ya pili unatumia karata tofauti kabisa. Matendo ya kisiasa ni hivyohivyo. Anaweza kuwinda, kuchukua silaha, kwenda kumwokoa mwenzake.

Kuna kipenyo kimoja kizuri. Govern the Unaligned ya daraja la chini ni kunyonya. Ya daraja la juu si kunyonya, ni kumpelekea damu 3 vampaya mdogo ambaye bado hujamleta mezani. Kwa hiyo aliyenyonya kwa mikono yake mwenyewe, akasimama, anaweza kuicheza Govern kwa upande wa juu. Kwa upande wa chini, la.

Na kwa kuwa umeitaja hasira yako kwa alama ya mshangao, nikupoze: tendo likizuiwa, karata ya tendo inachomwa, lakini gharama yake hulipi. Gharama ya tendo hulipwa likifanikiwa. Karata unazoongezea njiani ndizo zinazolipiwa papo hapo.

*

Wanamfalme wangu wawili wamelala. Wenzangu wanasema waliolala hawapigi kura.
– Mgombea

Waongo. Aliyelala anapiga kura zake zote, mbili kwa kila Mwanamfalme. Asiyepiga ni aliyezimia. Ndiyo maana nimeanza ukurasa huu kwa kutenganisha maneno hayo mawili. Ukiwa na Edge, unaweza kuichoma kwa kura moja zaidi. Na kura zikiwa sare, hoja imeanguka, kwa hiyo anayepinga hahitaji kushinda, anahitaji kufikia tu.

*

Shikamoo Shangazi. Nimerithi karata zilizoandikwa Jyhad. Migongo yake si sawa na ya karata zangu mpya. Nizitupe?
– Mrithi

Marahaba, na ole wako!

Jyhad ndilo jina la kwanza la mchezo huu, ulipotoka mwaka 1994. Aliyeubuni ni Richard Garfield, yuleyule wa Magic: The Gathering. Mwaka uliofuata ukabadilishwa jina kuwa Vampire: The Eternal Struggle, na mgongo wa karata ukabadilika nao. Mwaka 2000 ukahamia kwa White Wolf, 2010 uchapishaji ukasimama, na 2018 Black Chantry Productions wakaanza kuuchapisha upya. Katika kipindi chote hicho cha ukimya watu waliendelea kucheza kwa karata walizokuwa nazo, kwa hiyo hizo ulizorithi zimelisha meza nyingi.

Unaweza kuzichanganya na mpya, kwa sharti moja: zote ziingie kwenye mifuko ya plastiki yenye mgongo usioonyesha ndani. Bila hivyo kila mtu, nawe ukiwa wa kwanza, ataona karata inayofuata ni ya zamani au mpya, na huo ni wizi hata kama hukukusudia. Mimi Deflection zangu zote ni za Jyhad, na moja ina doa la kahawa ambalo nalipenda kuliko mchoro.

Hatari iko kwenye maandishi. Baadhi ya karata za zamani maneno yake yamerekebishwa tangu zichapishwe, na kinachohesabika ni maandishi rasmi ya sasa, si yale yaliyoko mkononi mwako. Kabla hujamzuia mtu kwa karata ya 1994, itafute ilivyo leo. Ukishaisoma, andika neno moja kwenye kijikaratasi na ukichomeke ndani ya mfuko wake, mbele. Ninavyo vijikaratasi vya namna hiyo vingi kuliko ninavyopenda kusema.

*

Maktaba yangu, lile fungu ninalovutia, imekwisha karata. Nimetoka?
– Mkavu

Hujatoka. Huvuti tena, basi. Cheza ulizo nazo.

*

Shangazi, nilikuwa na akiba 1. Vampaya wangu alibakiza damu 1 tu aingie mezani. Nikaihamisha kutoka kwenye akiba. Akaingia, mzuri, ujazo 10! Halafu wote wakaniambia nimetoka mchezoni. Inawezekanaje, na mimi ndio kwanza nimempata mlinzi?
– Nimebakiwa na Huzuni

Pole, mwanangu. Akiba ikifika sifuri umetoka palepale, haijalishi imekwenda wapi. Mchezo haukuoni ukimlea mtoto, unaona bakuli tupu. Mwindaji wako amepata pointi 1 na akiba 6 bila kunyanyua hata kibaraka, na vampaya wako wa ujazo 10 ameondoka nawe kabla hajafumbua macho.

Ulichopaswa kufanya ni kinyume chake: kwa uhamisho mbili ungeweza kumtoa damu 1 vampaya huyohuyo ikarudi kwenye akiba yako. Una uhamisho nne kwa zamu, kwa hiyo ungerudisha damu 2, ukawa na akiba 3. Mlinzi angechelewa. Wewe ungekuwepo.

Mwindaji wako alikushukuru, angalau?